Maporomoko ya Hanang: Maswali ya Waamini na Wajibu wa Kukesha

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya Kwanza ya Majilio, na Injili ya siku hiyo ilituagiza kukesha. Siku hiyohiyo, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Tangu wakati huo, kila mvua kubwa inaponyesha, maswali yaleyale hurudi katika jumuiya zetu ndogondogo: Je, ilikuwa volkano? Je, ni El Nino au ni mabadiliko ya tabianchi? Je, ni adhabu ya Mungu?

Swali la kwanza lina msingi, kwa kuwa Hanang ni mlima uliotokana na volkano. Hata hivyo, wataalamu wa Serikali waliochunguza tukio hilo walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko. Miamba dhaifu ya mlimani ilinyonya maji ya mvua, ikaelemewa, na sehemu yake ikameguka.

Swali la pili linachanganya mambo mawili. El Nino ni kipindi ambapo maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki, katikati na mashariki, hupata joto kupita kawaida. Hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, na ilikuwapo kabla ya viwanda. Mwaka 2023 ilikwenda sambamba na ongezeko la joto katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, karibu na pwani yetu, hivyo mvuke mwingi ukasukumwa nchi kavu. Mabadiliko ya tabianchi ni ongezeko la muda mrefu la joto la dunia nzima, linalotokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, karibu 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo ni zaidi ya 420. Kwa kila nyuzijoto 1 inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Basi hatulazimiki kuchagua jibu moja: El Nino huleta msimu wa mvua nyingi, na joto la dunia huweza kuzidisha ukali wake. Afrika yote huchangia takribani asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka, lakini maskini wetu ndio wanaosombwa. Hapa Waraka wa Laudato si' wa Papa Fransisko, wa mwaka 2015, unatugusa moja kwa moja: kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Swali la tatu Bwana wetu amekwisha kulijibu. Alipowakumbusha wasikilizaji wake watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, akawaita waliobaki hai watubu. Anayesema kuwa marehemu wa Hanang waliadhibiwa anawaongezea wafiwa jeraha ambalo Kristo hakulitia.

Toba tunayoitiwa ina matendo. Mwezi Agosti 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mvua za vuli zingezidi wastani. Utabiri wa namna hiyo unastahili nafasi katika matangazo ya parokia baada ya Misa, na katika mikutano ya jumuiya. Tuulizane ni nani anaishi kwenye njia ya maji, ni mjane gani au mgonjwa gani hataweza kukimbia usiku, na ni nani atakayempokea. Tupande miti mitelemkoni, na tusijenge wala kulima katika kingo za mito. Kukesha kwa Majilio ni pamoja na kumlinda jirani kabla mvua haijaanza.

Tuendelee kuwaombea marehemu wote wa Hanang pumziko la milele, na familia zao faraja.