Ngano za Chala Zisizikwe Pamoja na Wazee

Ziwa Chala limelala ndani ya shimo la volkeno, mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kwetu husimuliwa kwamba chini ya maji yake kuna kijiji kilichozama, na kwamba mwenye kutega sikio husikia jogoo wakiwika na ng'ombe wakilia. Wasomi wengi husikia habari hizi wakatabasamu. Hizo, husema, ni porojo za kuwalaza watoto. Nami nilikuwa miongoni mwao. Leo naikana kauli hiyo.

Natoa mfano wa mbali. Antonín Dvořák, mtunzi mashuhuri wa muziki wa Wacheki, alizaliwa mwaka 1841. Kati ya Agosti 1875 na Septemba 1877 alizika watoto watatu. Katika kipindi hicho alitunga "Stabat Mater", muziki wa kwaya na okestra juu ya mama aliyesimama chini ya msalaba wa mwanawe. Hapo msiba ulipata maneno ya kanisa. Lakini mwaka 1896 aligeukia ngano. Alitunga "Vodník", muziki wa okestra pasipo mwimbaji, juu ya zimwi la majini lililomvuta msichana ziwani, likamwoa, wakapata mtoto. Msichana alipokwenda kumtembelea mamaye, mama akamzuia asirejee. Zimwi likamuua mtoto na kumtupa mlangoni.

Sidai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwa Dvořák. Nasema tu kwamba mzazi aliyezika watoto watatu hakuiona hadithi hiyo kuwa porojo.

Linalonigusa zaidi kama mwanaisimu ni namna alivyofanya kazi. Hadithi ilitoka katika diwani ya Karel Jaromír Erben iliyochapishwa mwaka 1853. Erben alikuwa mtunza nyaraka mjini Prague, aliyekusanya nyimbo na hadithi za watu wake kwa miaka mingi. Dvořák alizifuata beti zake kwa karibu sana, hata mahali pengine mapigo ya mstari ndiyo yaliyozaa sauti ya ala. Bila Erben, Dvořák angeandika nini?

Wala jambo hili si geni kwetu. Wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.

Nilipokuwa nikitafiti tasnifu yangu ya uzamivu, nilimketisha nyanya yangu mbele ya kinasa sauti. Nilitaka msamiati: maji, jiwe, mlima. Kila neno lilimvuta kwenye hadithi ya ziwa, nami kila mara nilimkatiza: "Neno tu, nyanya." Alitii. Alipofariki, nilizirudia kanda zile usiku wa matanga nikitafuta pa kuegemeza moyo. Nilikuta mamia ya maneno, yamepangwa vizuri. Hadithi haikuwamo.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, likizo ijayo ketini na wazee. Wanaseni wakisimulia hadi mwisho, kwanza kwa Kitaveta au Kidawida, kisha ndipo mfasiri kwa Kiswahili. Utaratibu huo una sababu. Lugha nyingi za Kibantu hupambanua maana kwa toni, sifa ambayo Kiswahili kimeipoteza. Ngano ikihamishwa mapema, kisa hubaki lakini sauti yake hupotea, na sauti ndiyo mali ya mtunzi.

Huenda mtunzi wetu wa okestra yuko darasa la nne leo, katika shule iliyo karibu na ziwa hilo. Siku moja naye atafiwa, kama tunavyofiwa sote, na atatafuta pa kuuweka msiba wake. Tusimwachie orodha ya maneno.