Mito ipimwe kabla samaki hawajaelea

Mtambo wa kusafisha maji wa Butimba una uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Wakazi wa kusini mwa Jiji la Mwanza, waliozoea kupanga madumu na kusubiri mgawo, wanaijua thamani yake, na waliousimamia hadi ukakamilika wanastahili pongezi. Lakini maji hayo yanavutwa kutoka Ghuba ya Mwanza, na Ghuba hiyo hiyo ndiyo inayopokea kila kinachoshuka kutoka vilimani, mitaani, kwenye gereji na viwandani. Mto Mirongo unapita Mabatini na kukatisha mji kabla ya kuingia ziwani. Mto Mkuyuni unamwaga maji yake jirani na Butimba. Kusini zaidi, Magogo na Moame inaleta maji ya Misungwi, wilaya yenye ng'ombe wengi, mashamba ya pamba na wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Hivyo hali ya mito hii inawahusu wote wanaofungua bomba asubuhi. Tunasema wazi: mito inayoingia Ghuba ya Mwanza ipimwe kila mwezi, mwaka mzima, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Yasingoje maafa wala yasifungiwe kabatini.

Yaliyotokea Mto Mara yanatosha kutufundisha. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Watu walizuiwa kuyatumia. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele, na mwezi huohuo ikatoa taarifa: kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyolishwa kwenye ardhi oevu, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni ndani ya maji. Wengi hawakukubali. Walinyoosha kidole kwenye migodi, na walikuwa na sababu ya kuwa na shaka, kwa kuwa mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilikuwa limeutoza mgodi wa North Mara faini ya Sh5.6 bilioni kwa sababu ya bwawa la topesumu lililovuja.

Hatuandiki hapa kuamua upya nani alikuwa na haki. Kisayansi, maelezo ya kamati hayakuwa ya ajabu. Upande wa Kenya wa mto huohuo, watafiti Christopher Dutton na Amanda Subalusky na wenzao walionyesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko, kikirundikana kwenye madimbwi na kisha kusombwa na mafuriko, kinaweza kumaliza oksijeni na kuua samaki kwa wingi. Watafiti hao walikaa mtoni miaka kadhaa wakiwa na vifaa vinavyorekodi mchana na usiku, na ndiyo maana hoja yao ilisimama. Kwa upande wetu, mwaka 2022 mwananchi wa Rorya au Butiama hakuwa na takwimu za miezi iliyotangulia mkononi mwake. Aliletewa jibu la siku chache juu ya mto ambao hakuwahi kuonyeshwa vipimo vyake. Penye pengo la namna hiyo uvumi hujaa wenyewe, na hata kauli iliyo sahihi huonekana ni ya kulinda mtu.

Mwanza tusifike huko. Dalili tunazo, na si za leo. Mwaka 2003 watafiti Kishe na Machiwa walichapisha matokeo ya uchunguzi wa metali nzito, zikiwamo risasi na zebaki, katika mashapo ya Ghuba ya Mwanza. Tope la karibu na mji lilikuwa na metali nyingi kuliko la ndani ya ziwa, yaani chanzo kiko nchi kavu, kwetu. Miaka miwili baadaye Sekadende na wenzake walieleza kuwapo kwa sumu ya mwani katika maji ya Ghuba hiyohiyo. Mwani huo hustawi pale majitaka, mbolea na damu ya machinjioni vinaporutubisha maji kupita kiasi. Maji yakichemshwa vijidudu hufa, ila sumu hiyo haiondoki, na risasi haiondoki. Mtambo nao, kadiri maji yanavyoingia machafu, ndivyo unavyokula dawa nyingi zaidi, na gharama hiyo mwisho wake iko kwenye ankara ya mteja.

Kila uchafu una tabia yake. Kiwanda cha minofu kinatoa maji yenye damu na mafuta ya sangara, ambayo yasiposafishwa hunyang'anya mto oksijeni. Gereji zinamwaga oili chafu mtaroni. Waosha magari wanaongeza sabuni na grisi. Vyoo vya kwenye miamba, ambako lori la kunyonya halifiki, hufunguliwa mvua inaponyesha. Kila aliyeishi Mabatini au Igogo analijua hili. Kuvilaumu viwanda peke yake ni kukwepa nusu ya tatizo, na kumlaumu mkazi wa mlimani peke yake ni uonevu. Vipimo ndivyo vitakavyosema sehemu ya kila mmoja.

Kuna wanaodhani kupima mto ni kuchota chupa moja na kuipeleka maabara. Chupa hiyo inaeleza hali ya saa ile tu. Anayefungua bomba la majitaka usiku wa manane, chupa ya saa nne asubuhi haimgusi. Wadudu wanaoishi chini ya mawe mtoni, wao wamekaa humo wiki na miezi, na kila kilichopita kimewapitia. Wapo wasiovumilia uchafu kabisa, hufa au kutoweka mapema. Wapo wanaostawi kwenye uozo, kama minyoo na funza wekundu wa matopeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, wakiongozwa na Lulu Kaaya, walitoa mwaka 2015 mfumo wa Kitanzania wa kuupa mto alama kwa kutumia wadudu hao, uitwao TARISS. Unahitaji wavu, sinia jeupe na jicho lililofundishwa. Ukichanganya wadudu, kipimo cha oksijeni na uchunguzi wa tope, unapata hali ya leo, ya msimu mzima na ya miaka iliyopita kwa pamoja.

Watu wa kazi hiyo wako jirani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Nyegezi, mwendo mfupi kutoka Butimba, na chuo cha uvuvi kiko hukohuko. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria na NEMC wana ofisi Mwanza. Chuo cha Ualimu Butimba kina wanachuo ambao kesho watafundisha katika shule za nchi nzima. Wafundishwe kuhesabu wadudu wa Mto Mkuyuni leo, na tutakuwa na macho mengi zaidi ya yale ambayo serikali inaweza kuyaajiri. Wavuvi nao waulizwe. Mzee aliyetega nyavu kwenye Ghuba kwa miaka thelathini anajua furu walipopungua na mahali ambapo sato hawazaliani tena, na maelezo yake yana nafasi katika daftari la mtafiti.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka awe na kibali. Tunachokikosa ni mwananchi kujua nani ana kibali, cha kumwaga nini na kiasi gani, na kama anakifuata. Kibali kinahusu maji ya watu wote, kwa hiyo kisiwe siri ya mwenye kiwanda na ofisa. Mwenye kiwanda anayesafisha maji yake kwa gharama kubwa ndiye wa kwanza kufaidika na uwazi huu, maana leo anashindana sokoni na jirani yake anayemwaga bure.

Wengine walijifunza kwa maumivu. Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi, na maji ya kuzimia moto yakabeba sumu hadi Mto Rhine. Samaki wengi mno walikufa. Nchi za ukingo wa mto huo ziliimarisha vituo vya kupima na kupeana tahadhari, na jirani wa chini alipata haki ya kujua kinachotoka juu. Mkazi wa Butimba ni jirani wa chini wa Mirongo, Mkuyuni na Moame.

Tutaambiwa fedha hazitoshi. Mabilioni yalipatikana kujenga mtambo. Kulinda maji yanayouingia ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Mamlaka ya maji ya Mwanza (MWAUWASA) itenge fungu katika bajeti yake, Bodi ya Bonde iongoze upimaji, TAFIRI ihakiki, na Halmashauri ya Jiji ihakikishe takwimu zinafika kwenye ofisi za kata kwa Kiswahili kinachosomeka: mto gani, mwezi gani, oksijeni kiasi gani, nini kimezidi kiwango na nani ameagizwa kurekebisha. Madiwani wa kata zinazopitiwa na mito hii wakidai jambo hilo kwenye baraza, watakuwa wamedai haki ya wapigakura wao. Tunaomba matokeo ya kwanza yabandikwe Butimba, Mkuyuni na Mabatini kabla ya mvua za masika zijazo.