MZAHA WA NJIANI NA SHERIA YA MWAKA 1882



 

Ndugu wanafunzi wenzetu, tunaanza makala hii kwa kukiri kosa letu wenyewe. Jioni moja tulikuwa tunakwenda chuoni, misahafu mkononi, tukapita mahali ambapo mafundi wa Kichina walikuwa wakijenga barabara. Mmoja wetu akaanza kuigiza lugha yao, wengine tukaitikia kwa kicheko. Mzee mmoja katika wale mafundi akasimama, akatutazama, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mbona hamnisalimii? Mimi mkubwa." Tukatoka mbio.

Khabari ikamfikia Maalim. Hakutuchapa. Alituuliza suala moja tu: "Baba zenu na kaka zenu walioko Muscat na London, mngependa watoto wa huko wawafanyie hivi?" Hakuna aliyejibu. Ndipo tulipoamua kusoma historia ya Wachina waliohama kwao kutafuta riziki, khasa wale wa Marekani. Tuliyoyakuta tunaona yanatuhusu sote.

Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848. Miaka michache baadaye vijana wengi kutoka jimbo la Guangdong, kusini mwa China, walivuka bahari kwenda huko. Nchi ile waliiita Mlima wa Dhahabu. Mwaka 1852 jimbo la California liliwatoza wachimbaji wageni kodi ya dola tatu kwa mwezi, na waliobanwa zaidi na kodi hiyo walikuwa Wachina. Mwaka 1854 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kuwa Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Hebu fikirini maana yake: mtu anaweza kukuibia, kukupiga hata kumuua ndugu yako mbele ya macho yako, na wewe kinywa chako hakina thamani mbele ya kadhi.

Kisha ikaja reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ya nchi. Wachina zaidi ya elfu kumi waliajiriwa upande wa magharibi. Walipasua milima ya Sierra Nevada kwa nyundo na baruti, kwenye theluji, na wengi walifia huko. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wazungu, na chakula walijinunulia. Mwezi wa Juni 1867 maelfu yao waligoma kwa utulivu wakidai usawa. Kampuni ikawakatia chakula mpaka wakarudi kazini. Reli ilikamilika tarehe 10 Mei, 1869, na katika ile picha mashuhuri ya siku hiyo ni taabu kumuona Mchina hata mmoja.

Kazi ilipokwisha na uchumi kuyumba, wakaanza kuambiwa kuwa wao ndio sababu ya shida. Magazeti yaliwachora kama wadudu na watoto waliwarushia mawe njiani. Tarehe 2 Septemba, 1885, huko Rock Springs, Wyoming, kundi la wachimbaji makaa wazungu liliwavamia Wachina, likaua watu 28 na kuchoma nyumba zao. Hakuna aliyetiwa hatiani. Na kabla ya hapo, mwaka 1882, Bunge la Marekani lilikwishapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini na kuwanyima uraia wale waliokuwemo. Ilikuwa iwe ya miaka kumi. Ikaongezwa mwaka 1892, na mwaka 1902 ikafanywa ya kudumu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye fikra yetu ya kwanza. Sheria ile haikuteremka ghafla. Ilianza na jina la kejeli, kwa mtoto anayeigiza lugha ya mpita njia huku wakubwa wakicheka. Mtu aliyezoea kuchekwa, watu huzoea pia kutomuonea huruma. Na sisi tunasoma kila siku mafundisho ya Suratul Hujurat, ambayo yanakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na yanatueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Tunaihifadhi sura nzima kwa tajwidi, kisha tunatoka mlangoni tunamzomea Mchina. Hifadhi hiyo imetufaa nini?

Fikra yetu ya pili ni juu ya namna waliodhulumiwa walivyofanya. Hawakukaa wakalia tu. Walijenga. Watu wa wilaya moja ya China waliunda jumuiya yao San Francisco. Mgeni akishuka melini anapokelewa, anapewa pa kulala na kutafutiwa kazi. Akifa, jumuiya hufanya mpango mifupa yake irudishwe kwao. Jumuiya hizo ziliungana, zikajulikana kama Makampuni Sita, zikaajiri mawakili wa kuwatetea watu wao. Kwa vile hawakupata mikopo kwa urahisi, walichanga fedha kwa zamu, leo anachukua huyu, kesho yule, kama mama zetu wanavyocheza upatu. Mwaka 1925 wakafungua hospitali yao wenyewe. Na watoto wao, wakitoka skuli ya serikali, walikwenda jioni kwenye skuli ya Kichina kujifunza lugha na adabu za kwao. Je, hayo si maisha yetu sisi, skuli asubuhi na chuoni jioni?

Walikwenda pia mahakamani. Mwaka 1885 wazazi wa msichana mdogo, Mamie Tape, walishitaki baada ya skuli ya San Francisco kumkataa, wakashinda. Wakubwa wakakimbilia kutunga sheria ya kuwatenga watoto wa Kichina katika skuli yao peke yao. Mwaka 1886 dobi mmoja katika kesi ya Yick Wo alishinda katika Mahakama ya Juu ya nchi, ambayo ilisema kuwa sheria iliyoandikwa vizuri lakini ikatumiwa kwa upendeleo ni dhulma. Mwaka 1898 Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, alishinda haki ya uraia kwa kuzaliwa. Mpishi na dobi wamewafaa mamilioni ya watoto wa wageni wa kila taifa.

Hatusemi kuwa jumuiya zile zilikuwa za malaika. Zilikuwamo fitina, na wapo wakubwa walionyonya wanyonge wao. Lakini bila ya jumuiya, mnyonge hana hata pa kushitakia.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, na hata hapo waliruhusiwa watu 105 tu kwa mwaka. Mlango ulifunguliwa hasa mwaka 1965. Na dharau haikufa: ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, wazee wenye sura za Kichina walipigwa na kutemewa mate katika miji ya Marekani.

Wapo watakaosema: "Lakini Wachina hawa wanatuharibia biashara." Tunajibu kwamba maneno hayo hayo ndiyo yaliyosemwa California. Mfanyabiashara akivunja sheria ashitakiwe kwa alilolifanya, awe Mchina, Muarabu au jirani yetu. Asihukumiwe kwa macho yake. Wala tusisahau kuwa madaktari wa Kichina wamekuwa wakitibu watu wa Unguja na Pemba tangu miaka ya 1960. Huenda miongoni mwetu wamo waliozaliwa mikononi mwao.

Mtume wetu (S.A.W.) alipohamia Madina, Ansar waliwapokea Muhajirina kama ndugu wa tumbo moja. Na sahaba mkubwa alipomtusi mwenzake kwa mama yake, aliambiwa waziwazi kuwa bado ana ujahili ndani yake. Sisi ni nani tusikemewe?

Wiki ile ile tulirudi kwa yule mzee, tukampa shikamoo na kumuomba radhi. Alicheka, akatugawia karanga. Tunawaomba wenzetu wote wa chuo hiki waanze na hilo dogo: ukimkuta mgeni njiani, msalimie. Na walioko mbali katika watu wetu, Inshaallah, nao Mola atawapa wa kuwasalimia.

Wabillahi tawfiq.