Tumechoka Kuulizwa Ndoto Bila Kuambiwa Bei

Sisi wakazi wa mabondeni ya Kampala, Uganda, wa Bwaise na Kalerwe, pamoja na wenzetu wa Namuwongo na Kinawataka, tumeshakaa kwenye mikutano mingi ya dira ya mtaa. Hatua zake tunazijua kwa kichwa. Dua kwanza, halafu utambulisho, halafu mwezeshaji anabandika karatasi za manila ukutani na kutugawa: vijana huku, akina mama kule, wazee kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Swali ni lilelile: mnataka mtaa wenu uweje ifikapo 2040? Tunachora barabara, taa, zahanati. Mchana tunakula, tunatia sahihi, tunapewa nauli. Karatasi zinakunjwa, zinaingia garini, na hatuzioni tena.

Wala hatunung'uniki kwa sababu tumeitwa. Kuitwa ni haki yetu. Katiba ya 1995 inaitaka Serikali ituhusishe kutunga na kutekeleza mipango inayotugusa, na mipango ya nchi hii inatakiwa ianze kijijini, ipande parishi, ifike divisheni, kisha mamlaka ya jiji. Dira ya Taifa ya 2040 ilizinduliwa mwaka 2013, na sasa nchi imeingia Mpango wa Nne wa Maendeleo, ulioanza mwaka wa fedha 2025/26. Jiji nalo lina mpango mkakati wake. Kwa vitabu, Kampala haina njaa.

Kinachotuuma ni kwamba hakuna anayetutajia fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na makadirio hushushwa kwa idara na divisheni miezi kadhaa kabla. Wanaotuita wanaweza kuyapata. Lakini ukumbini hatusikii hata shilingi moja. Ni kama kumtuma mtoto soko la Kalerwe bila kumpa hela wala kumwambia ni ngapi, kisha ukamlaumu kwa kutaja kila kitu alichokiona. Kundi la vijana likiomba ukumbi, linaandikiwa. Akina mama wakiomba wodi ya wazazi, wanaandikiwa. Hakuna anayebishana, kwa kuwa hakuna anayetakiwa kuacha chake. Ubishi wenyewe, wa kipi kibaki na kipi kikatwe, unafanyika baadaye, mahali ambapo sisi hatupo.

Tupeni huo ubishi. Tukiambiwa kwamba fedha zinatosha jambo moja tu, wengi wetu Bwaise tutaanza na mtaro. Maji ya milima ya Mulago na Makerere yanashuka kwetu kupitia Nsooba, yanaelekea Lubigi, na mvua ikizidi yanaingia ndani. Ndiyo maana vyoo vyetu vinapandwa kwa ngazi na vizingiti vyetu vimeinuliwa hadi magotini. Mama anayeuza mihogo kando ya mtaro anajua kalavati gani huziba kwa buveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa, na maji hurudi nyuma kuelekea nyumba zipi. Hilo halitoki kwenye swali la 2040. Litatoka mkimuuliza mvua ya mwezi uliopita ilimkuta wapi.

Halafu mnatuita saa nne asubuhi, siku ya kazi. Bodaboda yuko steji, muuza rolex, chapati ya mayai, yuko kwenye tawa, mfua nguo yuko nyumbani kwa watu. Wanaofika ni walewale, wengi wao wenye nyumba au vibanja. Wapangaji, ambao mabondeni ndio wengi, wanasikia baadaye kwamba mtaa ulishaamua. Na ripoti ikitoka, inatoka kwa Kiingereza, wakati tulizungumza Kiganda, Kiswahili na Kinyarwanda.

Na hata tunaposema, hatusikilizwi. Agosti 10, 2024 lundo la taka la jiji huko Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Dampo hilo lilifunguliwa mwaka 1996. Kwamba limejaa lilijulikana miaka mingi kabla, na mamlaka ya jiji ilikuwa na ardhi nyingine Ddundu, wilaya ya Mukono. Majirani walikuwa wameshalalamikia harufu na maji machafu. Wazo halikukosekana, wala maoni ya wananchi. Tunakasirika tukikumbuka hilo, kwa sababu watu walikuwa wamesema kabla wengine hawajafukiwa.

Tunajua kazi hii ya kupanga na wananchi inaweza kufanywa vizuri. Wanachama wa shirikisho la wakazi wa mitaa duni wamehesabu kaya zao wenyewe, mlango kwa mlango, wakachora ramani za mabomba na vyoo, huku wakiweka akiba zao ndogondogo. Mwenye hesabu yake mkononi huongea tofauti na afisa. Hakai akisubiri kuulizwa ndoto.

Makongamano ya bajeti huja Oktoba na Novemba, mvua zikiwa juu yetu. Safari hii tuiteni Jumapili jioni, wapangaji wakiwepo. Kabla ya karatasi yoyote kubandikwa, andikeni ubaoni kiasi cha fedha za parishi yetu. Kisha tuleteeni ile orodha ya mkutano uliopita, tuisome pamoja: kipi kilichukuliwa, kipi kilikatwa, na nani alikikata. Nauli mnaweza kubaki nayo.