Umetoka mahabusu kwa kumpiga mkeo? Usikimbilie nyumbani

Kwa kawaida safu hii huzungumza na aliyeumizwa. Leo nazungumza na wewe uliyekamatwa kwa kumpiga mkeo, au wewe mzazi ambaye mwanao amechukuliwa na polisi usiku na unahangaika kumtafutia wadhamini.

Tuanze mahabusu, maana huko afya husahaulika. Kama unatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au ARV, mwambie askari wa zamu mapema, na ndugu azilete zikiwa kwenye pakiti yake. Kama unakunywa pombe kila siku, hilo nalo liseme. Mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Ndani ya siku mbili mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na kufikia siku ya tatu akachanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Wenzake hudhani anaigiza au ana mapepo. Hiyo ni dharura, apelekwe hospitali.

Mambo ya kesi mwanasheria atakueleza kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba dhamana ya polisi ni bure.

Ukishaipata, usirudi nyumbani. Nenda kwa kaka, kwa mjomba, popote. Najua wazee watataka kikao jioni hiyohiyo, "yaishe ndani kwa ndani". Mimi kikao hicho cha haraka nakipinga. Hasira bado ipo, aibu ya kulala lokapu imeongezeka, na aliyekushtaki ndiye huyo unayekwenda kukaa naye chumba kimoja. Hapo ndipo kipigo cha pili hutokea, na huweza kuwa kibaya kuliko cha kwanza. Usimpigie simu wala usimtumie ujumbe. Nguo zako ndugu atazifuata.

Sasa jiulize kwa ukweli: ulimkaba shingo? Wanaume wengi huona kukaba ni kitu kidogo kuliko ngumi kwa sababu hakuachi alama. Sisi madaktari tunakuogopa zaidi. Mshipa wa damu shingoni unaweza kuchanika kwa ndani na kumletea kiharusi siku kadhaa baadaye, hata kama ngozi haina mkwaruzo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wanawake waliowahi kukabwa na wenzi wao walikuwa katika hatari ya kuuawa takriban mara saba kuliko wanaopigwa bila kukabwa. Kama ulimkaba, waambie ndugu leo ili apelekwe hospitali, hasa kama sauti inakwaruza, anameza kwa shida, kichwa kinamuuma au mkono unakufa ganzi.

Na usimtume mtu kwa daktari aliyejaza PF3 ili aandike kuwa "alianguka bafuni". Nimeshaletewa bahasha za namna hiyo na zilirudi zilikotoka. Tunaandika tulichokiona.

Utasema ni pombe. Lakini siku ileile ulipolewa hukumpiga mwenye baa wala bosi wako. Pombe itibiwe, na kupiga nako kushughulikiwe kwa upande wake. Hospitali za rufaa za mikoa zina wataalamu wa afya ya akili, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Waambie wazi umekuja kwa sababu gani. Usiseme mila inaruhusu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Na ukianza kuwaza kujiua, jambo ambalo aibu ya namna hii huweza kulileta, nenda hospitali siku hiyohiyo, usilale nalo peke yako.

Watoto je? Aliyeshuhudia kipigo anaweza kurudia kukojoa kitandani, kuogopa kulala au kugoma shule. Usimpe kazi ya kumwambia mama yake afute kesi. Ukitaka kuwaona, muulize kwanza afisa ustawi wa jamii mtaonana wapi na mbele ya nani, kabla hujakwenda kuwasubiri getini shuleni.