Nyumba ya Bi Mkubwa ilivyobomoka kwenye video

Wiki hii sina stori ya mapenzi. Nina soo, tena la kujitakia mwenyewe.

Mshikaji wangu mmoja anachimba dhahabu Nyarugusu, kule Geita. Duara lao lilipotema, hakukimbilia baa kama wenzake. Aliamua kumjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma pale Ndembezi, Shinyanga mjini. Ile ya zamani, ya udongo, iliangushwa na mvua. Bi Mkubwa alipona kwa sababu alikuwa nje anapika.

Kwa vile jamaa hatoki shimoni, akanipa kazi: "Mwana, nipigie picha nyumba inavyopanda, nimwonyeshe maza siku ya kuhamia." Nikaifunga kamera kwenye dirisha la jirani. Picha moja kila dakika 10, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hizo ni picha 60 kwa siku, na kwa siku 30 ni 1,800. Video inakula picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo nikategemea sekunde 72 za raha tupu.

Siku ikafika. Pilau linanukia, TV iko barazani. Ukuta ukapanda, vigelegele! Bati likang'aa, vigelegele zaidi! Mara nyumba hakuna. Uwanja mtupu, vigingi vinne na kamba.

Bi Mkubwa akasimama, mikono kichwani: "Mwanangu, na hii nayo imeanguka?"

Watu kimya. Mshikaji aliniangalia jicho ambalo mpaka leo sijalisahau.

Kumbe nini? Kamera nyingi zinahesabu picha mpaka 9999, halafu zinarudi 0001. Yangu ilianzia 9400. Siku 10 za msingi zikapata namba kubwa, siku 20 za ukuta na bati zikapata 0001 mpaka 1200. Mimi na haraka zangu nikazimwaga zote kwenye folda moja, nikaiambia kompyuta izipe namba mpya kwa kufuata majina. Bati likatangulia, msingi ukafuata! Programu ya video haijui nyumba inajengwaje, inajua kuhesabu tu. Na mimi nilikuwa nimejaribu sekunde 20 za mwanzo, nikaona poa.

Sasa wewe usiumbuke kama mimi. Fanyia kazi kopi, picha zenyewe ziache kwenye kadi. Zipange kwa saa zilizopigwa, ndipo uzipe namba mpya. Namba zote ziwe na tarakimu sawa: 0001, 0002, siyo 1, 2. Ukipuuza hilo, kuna programu zitakazoiweka 10 mbele ya 2. Usifute picha ya katikati eti kwa sababu mbuzi kapita, maana pengo moja laweza kukata mfululizo wote. Ukifuta, toa namba upya.

Ukiingia kwenye programu, tuseme Premiere, chagua picha ya kwanza tu, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha mfululizo wa picha. Angalia na spidi iwe 25. Ikiwa 30, sekunde zangu 72 zinakuwa 60, na muziki unabaki unaimba peke yake. Mwisho kabisa, itazame video yote, mpaka sekunde ya mwisho.

Usiku ule ule nikarekebisha. Asubuhi nikaenda kwa Bi Mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeijenga?"

Akaitazama mara tatu, kuanzia vigingi mpaka bati. Halafu akainuka, akaugonga ukuta wa sebule kwa ngumi, taratibu, kuhakikisha.

Malipo je? Mshikaji kanipa nusu. Nusu nyingine anasema ni fidia ya presha ya mama yake. Sikubisha.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.