Santuri za Wazee si Takataka
Wapo watumishi wa umma, Sumbawanga na kwingineko, wanaodhani kwamba santuri za kale za lakri ni takataka za enzi ya mkoloni. Hiyo ni kasumba. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa His Master's Voice, kampuni ilifuata faida. Lakini sauti iliyoingia katika sahani ilikuwa ya Kiswahili. Na ikiwa mzee wa Ufipa, aliyepata kuwa kibarua katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, anayo santuri sandukuni mwake, hiyo ni jasho lake.

Wapenzi wa santuri nao wasijisifu, maana wengine huziua. Huyu huifuta kwa spiriti, na spiriti huyeyusha lakri! Yule huipiga kwa sindano ya santuri za plastiki, iliyo nyembamba mno kwa sahani hizi zizungukazo mara 78 kwa dakika. Mwingine hutumia sindano moja ya chuma juma zima, hali sindano hiyo ni ya upande mmoja tu, yaani dakika tatu hivi. Kisha hukisia umri wa santuri kwa kutazama uchakavu wa karatasi yake. Mara nyingi karatasi haitaji mwaka. Inayofaa kulinganishwa na daftari za kampuni ni namba iliyochapwa katika lakri yenyewe, kandokando ya karatasi. Mwalimu awakaririshaye vijana tarehe za vita vya Ulaya anashindwaje kunakili namba hiyo, pamoja na maelezo ya mzee mwenye mali, kabla mchuuzi hajafika na vijisenti vyake?